Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Kisa

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Katika mswada wangu wa riwaya, ambao mpaka leo uko kwenye kaunta buku nne chini ya kitanda, nilimuua mtu bila sababu. Mtu mwenyewe anaitwa Mzee Malugu, baba wa mhusika mkuu. Kufikia sura ya saba alikuwa amenishinda. Alikuwa ameshagombana na kila mtu, ameshauza ng'ombe, ameshamfukuza binti yake, na mimi sikujua tena nimpeleke wapi. Basi nikampakia kwenye basi la Shinyanga. Nikaandika: "Kabla hawajafika Misungwi basi likaacha njia, likapinduka. Mzee Malugu akafa papo hapo. Ajali haina kinga." Nikafunga sura. Usiku ule nililala vizuri kabisa.

Siku za Jumamosi huwa tunakutana vijana sita, kila mtu anasoma alichoandika na wengine wanamkosoa. Nilipomaliza kusoma sura ile, dada mmoja ambaye kwa kawaida haongei sana akaniuliza, "Nani kamuua?" Nikajibu, "Hakuna aliyemuua, ni ajali." Akasema, "Sawa, ni ajali. Nani kaifanya?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu.

Toka siku ile neno hili limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Makala haya ni jaribio la kuutoa. Sitahakiki kitabu kimoja. Nitahakiki neno moja, na jinsi sisi waandishi chipukizi tunavyolitumia. Ninavyoona mimi, uvivu wetu mwingi umejificha ndani yake, na siyo uvivu wetu peke yetu.

Neno lilikotoka

Jirani yetu ni mwalimu wa madrasa. Nilimwendea jioni moja nikamwuliza, "Ustadhi, ajali maana yake nini?" Akaniuliza, "Kwa Kiswahili au kwa Kiarabu?" Nikasema, "Kwani ni tofauti?" Akacheka, akanivutia mkeka.

Akanieleza kwamba kwa Kiarabu neno hili ni muda uliowekwa, ukomo wa jambo uliopangwa kabla. Deni lina ajali yake, yaani siku ya kulipwa. Ile sehemu ya mahari ambayo mume ameachiwa ailipe baadaye, jina lake la Kiarabu linatokana na mzizi huo huo. Na uhai nao una ajali yake. Kurani inalitumia neno hilo katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 34, kwa maana ya muda wa umati wa watu ambao haucheleweshwi wala kuharakishwa. Kwa hiyo, kwa asili ya neno, kila mmoja wetu ana ajali. Mzee wa miaka tisini anayekata roho kitandani mwake, wajukuu wamemzunguka, naye amefikiwa na ajali yake. Hata leo ukienda pwani utawasikia wazee wakisema "ajali yake imewadia" bila kuwapo gari wala meli.

"Sasa, gari likipinduka Waarabu wanasemaje?" nikamwuliza. Akanijibu kwamba wao wanatumia neno jingine, hadith kwa irabu ndefu ya mwanzo, au haditha: jambo lililozuka, lililotokea. Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa chenji, "Mzizi wake ni huo huo ulioleta neno letu hadithi."

Niliondoka pale kama mtu aliyeokota noti barabarani. Hebu fikiri. Kwa Kiarabu kinachotokea na kinachosimuliwa ni ndugu wa mzizi mmoja. Sisi tukawatenganisha. Hadithi tukaipeleka jikoni kwa bibi, kwa sungura na fisi. Kwenye basi lililopinduka tukabandika neno la muda wa Mungu.

Ukifungua kamusi za Kiswahili utazikuta maana zote mbili zimekaa jirani: tukio la ghafla lenye madhara, na kudra, yaani lililopangwa na Mwenyezi Mungu. Kwenye kamusi zimetenganishwa kwa namba. Mdomoni hazina namba. Mtu akisema "ni ajali tu", huwezi kujua anazungumzia ipi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Dhana yangu, na ni dhana tu, siyo utafiti, ni kwamba maana ya pili ilizaliwa kutoka kwa ya kwanza kwa njia ya kifo cha ghafla. Anayekufa kwa homa, kifo chake kina jina: homa. Lakini aliyeamka mzima, akanywa chai, akapanda mnazi, akaanguka, watu walishika nini? Walishika siku yake. Wakasema ni ajali, wakiwa na maana kwamba muda ulitimia. Baadaye neno likahama kutoka kwenye muda likaenda kwenye kuanguka kwenyewe. Lilipohama, likahama na msamaha wake.

Jinsi tunavyosema

Sikiliza taarifa ya habari. "Gari lilimshinda dereva, likaacha njia, likagonga mti na kupinduka." Tumeisikia sentensi hii mara nyingi kiasi kwamba hatuisikii tena. Hebu tuichambue kama tulivyofundishwa kuchambua sentensi sekondari. Mtenda ni nani? Ni gari. Gari lilishinda, gari liliacha, gari liligonga, gari lilipinduka. Binadamu pekee katika sentensi nzima ni dereva, naye ameshindwa, kama mchezaji wa bao. Wakati mwingine tunaambiwa kwamba breki ziligoma. Hata breki zina uamuzi wa kugoma! Binadamu tu ndiye hana.

Tazama pia vichwa vya habari magazetini: "Ajali yaua 12". Hapa ajali yenyewe imekuwa muuaji, ina mikono na miguu, imeua na haijakamatwa. Halafu kuna hili la mitaani, "kapata ajali". Tunapata mtoto, tunapata kazi, tunapata mshahara, tunapata ajali, kana kwamba mtu alikuwa kwenye foleni ya kuisubiri.

Sisemi kwamba Kiswahili ni kibovu. La hasha! Lugha hii hii ina zana nyingine kabatini. Nikikukanyaga kwenye daladala nitakuambia, "Samahani, nimekukanyaga kwa bahati mbaya." Bahati mbaya ipo, lakini ile ni- ya mwanzo ipo pia: ni mimi. Mahakama nazo zinasema "kuua bila kukusudia". Kusudio limeondolewa lakini kuua kumebaki, na anayeua yumo ndani ya kitenzi. Kwa hiyo lugha inaweza kabisa kusema kwamba mtu alifanya jambo ambalo hakulitaka. Ni sisi tunaochagua neno lisilo na mtu.

Tena kuna methali. "Ajali haina kinga." Sote tunaijua. Lakini pia tunajua kwamba "kinga ni bora kuliko tiba". Methali mbili, neno moja la kinga, na zinapingana mchana kweupe. Siku hizi naona hazipingani. Ile ya kwanza ni ya maana ya kwanza: muda wako ukifika, hakuna ngao. Muumini yeyote atakubali. Tatizo ni tunapoichukua methali ya muda tukaifunga kwenye gari. Muda hauna kinga. Tairi kipara lina kinga: linaitwa tairi jipya.

Jinsi tunavyoandika

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye maandishi ya vijana. Kwenye miswada tunayosomeana nimekuta ajali za aina tatu, na ninaamini msomaji atazitambua.

Ya kwanza ni ajali ya kutengeneza yatima. "Wazazi wake wote wawili walifariki kwa ajali ya gari alipokuwa na umri wa miaka mitano." Sentensi hii imeandikwa na kila mmoja wetu, mimi nikiwemo. Wazazi wanazaliwa na kufa ndani ya mstari mmoja ili mtoto apelekwe kwa shangazi mkatili. Hatuambiwi walikuwa wanakwenda wapi, wala nani aliendesha. Shangazi ana kurasa sitini, wazazi wana maneno kumi na matano.

Ya pili ni ajali ya hukumu. Tajiri dhalimu ametesa watu kitabu kizima, na sasa lazima aadhibiwe. Mwandishi hamwezi kwa njia ya mahakama, wala kwa njia ya watu aliowadhulumu. Basi anampa gari la kifahari, mvua na kona kali. Msomaji anapiga makofi. Lakini nani ameshinda? Dhuluma haikushindwa. Kona ndiyo iliyoshinda. Kesho mwanawe atarithi mashine na dhuluma yote.

Ya tatu ni hii yangu, ajali ya kuondoa mizigo. Mhusika amemshinda mwandishi. Badala ya kusema "gari lilimshinda dereva", ukweli ni kwamba mhusika alimshinda mwandishi, akaacha njia, akapinduka.

Walimu wetu wa fasihi walituambia kwamba sadfa ikizidi huharibu kazi. Tuliandika daftarini, tukajibia mtihani, tukasahau. Nadhani tulisahau kwa sababu tuliambiwa ni kosa la fani tu, kama kukosea nukta. Mimi leo ninasema ni kosa la maudhui. Mwandishi anayeandika "akafa kwa ajali" akafunga sura anamfundisha msomaji kwamba kifo cha namna hiyo hakiulizwi. Na msomaji huyo kesho atapanda kivuko.

Ziwa letu

Mimi ni mtu wa Mwanza. Hapa huwezi kuzungumzia neno hili bila kwenda Igoma, kwenye makaburi ya watu wa MV Bukoba. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, imejaza watu kupita kiasi. Waliokufa walizidi 800. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini mtoto wa Mwanza huikuta habari ile nyumbani kama anavyokuta picha ya babu ukutani.

Katika yanayokumbukwa juu ya siku ile, moja halinitoki. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu hai. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebanwa ndani, ile iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka. Meli ikaenda chini.

Sasa tuulize kama yule dada wa Jumamosi. Ajali ni ipi? Ni kupinduka? Ni kupakia kupita kiasi kabla ya kung'oa nanga? Ni kutoboa? Waliotoboa walitaka kuokoa, hilo halina ubishi. Lakini waliokuwa ndani, wakati meli inapinduka, muda wao ulikuwa haujafika. Walikuwa wanapumua. Neno "ajali ya MV Bukoba" limeyafunga matukio yote haya kwenye shuka moja, na ukishafunga shuka huoni tena mwili upi ni upi.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, huko Ukerewe. Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko kile alitolewa akiwa hai, akiwa amejibanza mahali palipobaki na hewa. Darasani tulishangilia, halafu tukanyamaza, maana kila mmoja alikuwa anafikiria wale wengine.

Namba 101 siyo kudra. Ilikuwa imeandikwa na watu na inajulikana. Kwa hiyo abiria wa 102 alipanda, na mtu alimwona akipanda. Huyo abiria wa 102 naye ana kisa chake. Huenda alikuwa na mgonjwa. Huenda alikuwa na ndizi ambazo zisingengoja mpaka kesho. Huenda alijua kabisa kwamba kimejaa, lakini hakukuwa na kingine. Riwaya nzima imekaa pale mlangoni, kati ya abiria wa 101 na wa 102, na sisi tunaandika "kivuko kikapinduka".

Na siyo sisi wa ziwani tu. Wenzetu wa Mombasa wana feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272. Maji ya chumvi, neno lile lile.

Waliotutangulia

Ukerewe hiyo hiyo ilitupa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, aliyefariki mwaka 2020. Mara nyingi tunamsoma kwa ajili ya mtihani. Ninaomba tumsome kwa swali la "nani kamuua?" Katika Rosa Mistika (1971) Rosa anajiua. Ni rahisi kusema amejiua mwenyewe, kesi imekwisha. Lakini kitabu hakikubali kesi iishe. Kinatupa baba mlevi anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Kinatupa malezi ya kufungiwa, na baadaye uhuru usio na mlezi. Kinatupa wanaume wenye vyeo. Ukifunga kitabu una orodha ya watu, nawe mwenyewe unajiuliza kama humo. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto naye anajiua, na huko mzigo ni wa fikra na elimu na kizazi kizima.

Utaniambia kujiua siyo ajali. Ni kweli. Ndiyo hoja yangu. Kama mwandishi aliweza kuchukua kifo ambacho mtu amejifanyia mwenyewe, akatuonyesha mikono mingi iliyosukuma, sembuse kifo cha kivuko, ambacho mikono yake iko wazi?

Adam Shafi naye, katika Kuli (1979), anatupeleka bandarini Zanzibar na kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Hatari ya kazi ile angeweza kuiita bahati mbaya ya maskini. Hakuiita hivyo. Mateso ya kuli yana bosi, yana mshahara, yana saa za kazi. Ndiyo maana watu wa kitabu kile wanaweza kugoma. Hakuna anayegoma dhidi ya kudra.

Na hapa inanibidi nimtaje Ken Walibora, kwa uchungu. Wengi wetu tulimpenda kwa ajili ya Siku Njema (1996), safari ya kijana Kongowea anayemtafuta baba yake. Walibora alifariki tarehe 10 Aprili 2020 jijini Nairobi, baada ya kugongwa na basi. Kwa siku kadhaa ndugu na marafiki walimtafuta, mpaka mwili wake ulipopatikana chumba cha maiti cha hospitali. Neno la kwanza lililotangazwa lilikuwa ajali. Kisha uchunguzi wa mwili ukaonyesha jeraha la mkononi lililofanana na la kisu, na wapelelezi wakaanza kuuliza mengine. Sitoi hukumu, si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba neno lilitangulia maswali. Kama wangekomea kwenye neno, tusingejua hata kwamba kuna jeraha.

Midomo miwili

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya nisiandike makala haya kwa hasira peke yake.

Baba yangu mdogo alifariki akiwa juu ya lori la mkaa. Usiku, lori halina taa za nyuma, likapaki katikati ya barabara, likagongwa. Msibani bibi yangu, mama yake mzazi, alikaa kwenye mkeka siku tatu. Kila mgeni aliyeingia alimwambia jambo lile lile: "Siku yake ilikuwa imefika, mwanangu. Ajali yake ilikuwa imeandikwa." Mimi nilikuwa najua habari za taa. Nilitaka kusema. Nilimtazama bibi, nikaenda kuchota maji.

Baada ya wiki mbili mwenye lori akaja. Alileta mfuko wa mchele na kilo tano za sukari. Akakaa pale pale kwenye mkeka, akashika mkono wa bibi, akasema, "Pole sana, mama. Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Bibi akamjibu, "Ni kweli, baba. Ahsante kwa kuja."

Neno lile lile. Kwenye mdomo wa bibi lilikuwa sala. Kwenye mdomo wa yule bwana lilikuwa risiti.

Kwa hiyo sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi tumnyang'anye mfiwa neno lake. Bibi hakudanganya. Alilitumia kwa maana yake ya asili, na bila neno lile sijui kama angeinuka pale. Mtu anayeingia msibani na kumwambia mama mzazi habari za taa za nyuma siyo mwandishi mkweli. Ni mtu asiye na adabu. Lakini mwandishi hayuko msibani tu. Anaweza kurudi barabarani, usiku, kabla ya lori la pili kufika, akatazama.

Ndiyo maana ninapendekeza kanuni moja kwa waandishi wenzangu, nayo ni nyepesi. Neno ajali tuliache vinywani mwa wahusika. Bibi aliseme, mwenye lori aliseme, afisa wa serikali aliseme kwenye kipaza sauti, na msomaji apime nani anasali na nani anakwepa. Lakini msimulizi asiliseme. Msimulizi akishasema "ilikuwa ajali", amekaa upande mmoja na mwenye lori, hata kama hakutaka. Yeye kazi yake ni ile nyingine, ya mzizi uleule wa Kiarabu: aseme kilichotokea.

Wapo watakaonijibu kwamba maisha yenyewe yamejaa vifo visivyo na maana, na kwamba riwaya inayoeleza kila kitu ni ya uongo. Nakubali nusu. Radi humpiga mchungaji ng'ombe, na huwezi kumshitaki mtu. Lakini hata hapo kuna kisa: kwa nini alikuwa chini ya mti ule, siku ile, badala ya kaka yake? Kutokuwa na maana siyo sawa na kutokuwa na sababu. Kifo kinaweza kukosa maana kabisa na bado kikawa na sababu saba. Mwandishi anayezijua hizo saba, halafu akanyamaza, huyo ninamheshimu. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuijua hata moja.

Kurudi kwa Mzee Malugu

Nimerudi kwenye sura ya saba. Basi bado linapinduka kabla ya Misungwi, hilo sikulibadilisha. Ila imenibidi nimfuate Mzee Malugu tangu asubuhi. Nimegundua kwamba alilikosa basi la kwanza kwa sababu mnunuzi wa ng'ombe alichelewa kumlipa. La pili lilikuwa limejaa, lakini kondakta akamwekea kreti la soda katikati ya viti, akamlipisha nauli kamili. Angeweza kungoja kesho na kulala kwa binti yake mjini, lakini binti mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Dereva alikuwa hajalala tangu juzi, kwa sababu mwenzake aliyekuwa apokee usukani alikuwa hajalipwa na amegoma kuja. Basi lilipoanza kuyumba, waliokuwa na viti walishika viti. Mzee Malugu hakuwa na cha kushika.

Ile sura ya kurasa mbili sasa ina kurasa kumi na tisa. Neno ajali limo mara moja tu. Analisema mwenye basi.

Jumamosi iliyopita niliwasomea tena. Walikaa kimya kidogo. Yule dada akaniuliza, "Na yule binti, nani atamwambia kwamba baba yake alikuwa amekaa kwenye kreti?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeanza sura ya nane.